Hesabu ya Mwezi: Mafundisho kwa Wasichana na Mama Zao



Neno tunalotaka kulieleza hapa ni neno la mwili ambalo watu hulisema kwa kunong'ona. Msichana amekwisha kuona damu ya mwezi mara ya kwanza, kisha inapotea miezi mitatu, minne, hata sita. Usoni pake vipele havikomi. Kidevuni zinaota nywele nyeusi, ngumu. Basi maneno yanaanza. Mmoja anasema ana mimba. Mwingine anasema tumbo lake limefungwa na jirani mwenye wivu. Wa tatu, naye ndiye mbaya kuliko wote, anasema, "Huyu ni tasa, aozwe upesi kabla watu hawajajua." Kwa neno hilo moja msichana wa miaka 16 amekwisha kuhukumiwa, wala hakuna mtu aliyempima.

Twataka mjue ya kuwa uko ugonjwa mmoja ambao huleta mambo haya yote pamoja. Hauletwi na kulogwa. Hauambukizwi. Haumpati mtu kwa sababu ya tabia mbaya. Msichana asiyejua mwanamume huupata sawasawa na mwanamke aliyeolewa. Una jina, una sababu, una dawa, na mwenye ugonjwa huu si tasa.

UGONJWA HUU NI WA NAMNA GANI?

Ndani ya tumbo la kila mwanamke, chini, upande wa kuume na upande wa kushoto wa tumbo la uzazi, mna kokwa mbili ziitwazo ovari. Ukubwa wake hupita kidogo karanga yenye ganda lake. Ndimo yalimo mayai ya uzazi, madogo sana, nayo msichana huzaliwa nayo. Kila mwezi vifuko kadhaa vya maji huanza kukua ndani ya ovari, kila kimoja na yai lake. Kwa desturi kimoja huvipita vingine, hukomaa, hupasuka, na yai hutoka. Wakati huo huo tumbo la uzazi limejitandikia kitanda laini cha damu kumngoja mtoto. Mtoto asipopatikana, kitanda kile huvunjika na kutoka nje, yapata siku 14 baada ya yai kutoka. Hiyo ndiyo damu ya mwezi.

Katika ugonjwa huu vifuko vingi huanza pamoja, na vyote hukwama njiani. Ninyi wa Kasongo mwajua mpunga. Fikirini shamba ambalo mpunga wote umeota na kuwa kijani, lakini wakati wa kutoa mashuke ukifika hakuna hata suke moja. Mpunga haukufa, na mbegu si mbovu. Kitu fulani kimeuzuia usifike mwisho. Ndivyo ilivyo katika ovari hizi. Yai halikutoka, basi kitanda hakipati amri ya kuvunjika, na damu haiji.

Waganga wetu, waliosoma kwa Kifaransa, huandika herufi SOPK kwenye karatasi ya mgonjwa. Maana yake ni ovari zenye vifuko vingi. Kwa maoni yangu jina hili limewatisha wasichana bure, maana wakilisikia hufikiri wana uvimbe tumboni. Vifuko vile ni vidogo sana, ni vile vile vya kawaida vilivyokwama, wala havihitaji kukatwa. Waganga wawili wa Chicago katika Marekani, Stein na Leventhal, waliandika habari za wanawake 7 wa namna hii mwaka 1935, na siku zile waliwapasua na kuondoa kipande cha ovari. Leo zipo dawa. Uvimbe mkubwa wa ovari uko, nao ni neno lingine. Lakini mtu akitaka pesa zako ili akupasue kwa sababu ya vifuko hivi vidogo, toka, ukatafute mganga mwingine kwanza.

Nini basi huvizuia vifuko? Katika damu yetu mna wajumbe waitwao homoni, wanaotoka kiungo kimoja kupeleka habari kwa kiungo kingine. Mjumbe mmoja ni insulini, naye hutoka kwenye kongosho, nyuma ya tumbo la chakula. Kazi yake ni kupiga hodi katika nyama za mwili ili zipokee sukari iliyotoka katika chakula. Kwa wanawake wengi wenye ugonjwa huu, mwili umekuwa kama mwenye nyumba asiyesikia vizuri. Insulini hupiga hodi, haitikiwi. Basi kongosho hutuma insulini nyingine, na nyingine tena. Insulini hii nyingi ikifika kwenye ovari huzichochea zitengeneze kwa wingi homoni tunazoziita za kiume. Kila mwanamke anazo kidogo, hilo si ajabu. Zikizidi, ndipo nywele huota kidevuni, vipele hujaa usoni, na mayai hukwama.

Ugonjwa huu hutembea katika jamaa. Ulizeni nyanya, shangazi na mama wadogo. Mara nyingi mtasikia ya kuwa yuko mmoja aliyekuwa akiona damu mara tatu kwa mwaka, na baadaye akazaa. Wala si ugonjwa wa watu wachache. Shirika la Afya la Dunia lasema ya kuwa katika wanawake 100 walio katika miaka ya kuzaa, 10 hadi 13 wanao, na ya kuwa wengi wao, hata 70 katika 100, hawajui kama wanao.

JIFUNZE KUHESABU

Kabla ya dawa yo yote, yafaa ujue kuhesabu mwezi wako. Hesabu huanza siku ya kwanza ya damu, nayo huishia siku ya kwanza ya damu inayofuata. Usianze siku damu inapokatika, kama wengi wafanyavyo. Tuseme damu ilianza tarehe 3 mwezi wa tatu, kisha ikaanza tena tarehe 14 mwezi wa nne. Zimepita siku 42. Andika 42 katika daftari lako la shule, ukurasa wa nyuma, na tarehe zake. Asiyejua kuandika na achukue uzi mrefu, afunge fundo moja kila asubuhi, na siku ya kwanza ya damu atie kipande cha kitambaa chekundu katika fundo. Mabinti wa Kiislamu, nao ni wengi pale Kasongo, wamekwisha zoea kuhesabu siku za hedhi ili walipe funga za Ramadhani. Hesabu ile yawasaidia sana hapa. Waongeze tu kuandika siku damu ilipoanza.

Je, siku 42 ni nzuri au mbaya? Hapa wengi hukosea, maana jibu hutegemea muda uliopita tangu damu ya kwanza ya maisha yako.

Mwaka ule wa kwanza mwili ungali unajifunza. Damu yaweza kuja, ikapotea, ikaja mara mbili kwa mwezi. Usiogope, wala mama asikimbilie dawa. Baada ya mwaka wa kwanza mpaka kwisha mwaka wa tatu, siku 21 hadi 45 ni sawa. Baada ya miaka mitatu, siku 21 hadi 35 ni sawa. Basi siku 42 kwa msichana aliyeanza miaka miwili iliyopita ni afya. Kwa dada yake aliyeanza miaka mitano iliyopita, ikiwa hesabu hurudi hivyo mara kwa mara, yafaa aende kupimwa. Tena, mwaka wa kwanza ukiisha kupita, damu ikikosekana zaidi ya siku 90 hata mara moja tu, ni alama ya kwenda. Na msichana aliyefika miaka 15 asione damu kamwe, au ambaye matiti yake yalianza kuota zaidi ya miaka mitatu iliyopita na damu haijaja, naye aende. Hesabu hizi zimo katika mwongozo wa waganga wa mataifa mengi uliotolewa mwaka 2023.

Msichana asijilinganishe na rafiki yake. Wawili waliozaliwa mwezi mmoja na kukaa dawati moja wanaweza kuwa na hesabu mbalimbali, na wote wawili wakawa wazima.

Kuna hesabu nyingine, ya wingi wa damu. Kitanda kisipovunjika miezi mingi huzidi kuwa kinene, na siku kikivunjika damu huja kama maji ya mto. Ikiwa damu inapita siku 8, au kitambaa hulowa chote kwa muda wa saa moja, au mabonge makubwa hutoka, usingoje hesabu yo yote. Nenda siku ile ile. Katika nchi yetu malaria na minyoo hula damu ya watu kila siku. Msichana aliyekwisha pungukiwa hana akiba ya kupoteza. Mama, vuta chini ukope wake, tazama ndani. Ukiona peupe, na akipanda kilima kidogo moyo unamwenda mbio, mchukue upesi.

ALAMA ZA NJE

Nywele za ugonjwa huu huota mahali zinapoota za mwanamume: juu ya mdomo, kidevuni, katikati ya kifua, chini ya kitovu, mapajani kwa ndani. Ni nyeusi, nene. Malaika laini mikononi na mashavuni si ugonjwa. Jamaa nyingine wana nywele nyingi tangu mababu. Vipele pia, karibu kila kijana huvipata. Vya kuangaliwa ni vile vikubwa, vyenye kuuma na kuacha makovu, vinavyoshuka mpaka kifuani na mgongoni na kudumu miaka.

Alama nyingine watu hawaijui. Shingoni kwa nyuma, na makwapani, ngozi huwa nyeusi zaidi na nene kidogo, kama kitambaa cha mahameli. Mama humwambia binti, "Huogi vizuri," naye husugua kwa jiwe mpaka ngozi inachubuka. Ule si uchafu. Ni alama ya insulini iliyozidi, na haitoki kwa sabuni. Mama aliyekwisha kumsemesha binti yake vibaya kwa ajili ya shingo hii na aache leo.

Wengine wenye ugonjwa huu hunenepa, hasa tumboni. Wengine ni wembamba kabisa. Basi msidhani ya kuwa ni ugonjwa wa watu wanene.

YANAYOFANANA NA UGONJWA HUU

Si kila damu inayopotea ni SOPK. La kwanza ni mimba. Muuguzi atakupima mkojo, wala usione ni matusi. Humpima kila mwanamke, hata mke wa mchungaji. Kama kuna mtu aliyekulazimisha, mwambie muuguzi peke yake. Kosa si lako, na ukifika kabla siku 3 hazijapita zipo dawa za kukukinga na magonjwa na mimba.

Njaa nayo hukata damu. Mwaka wa mavuno mabaya, au watu wanapokimbia vita na kulala porini, wasichana wengi hawaoni mwezi, maana mwili wenye njaa huacha kwanza kazi ya kuzaa. Kifua kikuu kinaweza kufanya vivyo hivyo, na ugonjwa wa tezi la shingo, na huzuni kubwa ya moyo. Maziwa yakitoka matitini na huna mtoto, mwambie mganga. Na sauti ikigeuka nzito na nywele zikaota kwa kasi katika miezi michache tu, nenda hospitali bila kukawia. Hiyo yaweza kuwa uvimbe unaotoa homoni, nao ni wa kutafutwa mapema.

Sasa niseme neno juu ya dawa za sokoni, na mniwie radhi nikisema kwa ukali. Hapa Kongo wako wanawake wanaomeza vidonge ili wanenepe, deksametazoni na siproheptadini, ambavyo huuzwa kimoja kimoja bila karatasi ya mganga. Deksametazoni ikimezwa siku nyingi huleta uso wa mviringo, vipele, nywele usoni, na huvuruga damu ya mwezi. Tena huongeza sukari katika damu. Mafuta mengine ya kung'arisha ngozi yana dawa za jamii hiyo hiyo, nayo huotesha vipele na nywele mahali pale pale binti anapoyapaka ili aviondoe. Msichana hununua ugonjwa wenyewe kwa pesa zake, kisha hununua mafuta mengine ya kuuficha. Ukienda kupimwa, chukua kopo na vidonge vyote, hata kama unaona haya. Lakini kama umemeza deksametazoni muda mrefu usiiache kwa ghafula siku moja. Mganga atakuonyesha jinsi ya kupunguza kidogo kidogo, maana kuikata mara moja ni hatari.

Dawa za kuingizwa ukeni "kufungua tumbo" huunguza na kuleta vidonda. Kuombewa ni vyema, lakini yule anayekufungia chumbani siku nyingi bila chakula ili damu irudi anafanya kazi ya njaa niliyoitaja juu. Damu haitarudi kwa njia hiyo.

UKIENDA KUPIMWA

Anza kwenye kituo cha afya kilicho karibu, ikiwa ni Lusangi, Samba au kijiji kingine. Muuguzi atakuuliza maswali, atakupima uzito na nguvu ya damu, atatazama nywele na shingo, atapima mkojo na sukari. Akiona sababu, atakuandikia karatasi ya kwenda hospitali kuu ya Kasongo au ya Kabambare. Vipimo vingine vya homoni hufanyika katika maabara ya miji mikubwa tu; mganga atakuambia kama vinahitajika.

Msichana aliye bikira haingizwi chombo cho chote. Una haki ya kukataa, na mama ana haki ya kuwapo.

Neno la ekografi nalo. Wazazi huuza mbuzi, hupanda pikipiki katika matope ya njia ya Kabambare, hulala njiani, ili binti apigwe picha ya tumbo. Kwa ugonjwa huu picha ile haimfai msichana. Mpaka miaka 8 ipite tangu damu ya kwanza, ovari za msichana mzima mara nyingi huonekana zimejaa vifuko, maana ndivyo zilivyo katika ujana. Picha ikipigwa, wengi wataambiwa wana ugonjwa nao ni wazima. Kwa kijana mganga hutafuta mambo mawili, na yote mawili sharti yawepo: damu isiyofuata hesabu tuliyoandika, na alama za homoni za kiume, za mwilini au za damu iliyopimwa. Magonjwa yanayofanana yakiisha kuondolewa, basi jina litajwe. Likiwapo moja tu, mganga na aseme, "Uko katika njia ya ugonjwa huu, tutakuangalia," naye akutazame tena mara kwa mara mpaka miaka ile 8 itimie. Wengine damu yao itajinyosha yenyewe. Ekografi itumike mganga akishuku neno jingine, kama uvimbe, au kama damu haikuja kamwe. Mbuzi wenu na abaki zizini.

DAWA NA MAISHA

Mwenye mwili mzito akipungua hata kidogo, mara nyingi damu huanza kurudi. Lakini sitaki binti wa Kabambare, anayelima tangu asubuhi, anayechota maji mtoni na kutwanga mihogo jioni, aambiwe akafanye mazoezi. Amekwisha yafanya. Neno la mazoezi ni kwa wale wa mjini wanaokaa dukani au mbele ya simu mchana kutwa. Hao watembee kwa miguu, wacheze mpira, angalau saa moja kila siku. Na mwembamba asijinyime chakula.

Katika chakula chetu mema ni mengi. Sombe, maharagwe, karanga, samaki wa Lualaba, mboga za majani, papai na maembe. Mchele na bukari havikatazwi; tatizo ni sahani yenye mlima wa bukari na kijiko kimoja cha sombe. Geuza hesabu: sombe na maharagwe viwe vingi, bukari ipungue. Adui mkubwa ni sukari ya kunywa, yaani soda za chupa, na chai yenye vijiko vinne. Mawese ni mazuri kwa macho, lakini kitoweo kisielee.

Dawa ya kwanza ambayo mganga humpa msichana mara nyingi ni vidonge vya kupanga uzazi, vile vyenye homoni mbili. Hapa baba hukasirika. Basi mama, au muuguzi mwenyewe, amweleze kabla vidonge havijaonekana nyumbani. Kwa binti huyu ni dawa ya kuvunja kitanda kila mwezi na kupunguza homoni za kiume, nywele na vipele. Havifungi tumbo. Akiviacha, nguvu yake huisha, na uwezo wake wa kuzaa hubaki jinsi ulivyokuwa. Lakini si kila mtu humeza: mwenye nguvu ya damu iliyopanda, mwenye kichwa kikali kinachotanguliwa na kuona vimulimuli, mwenye ugonjwa wa ini au aliyewahi kupata bonge la damu mguuni, na mwenye kumeza dawa za kifua kikuu, wote waseme kwanza. Kwao iko dawa ya homoni moja, inayomezwa siku chache kila baada ya miezi miwili au mitatu, ili damu itoke. Hili si la kupuuza. Kitanda kisichovunjika miaka na miaka huweza mwishowe kuleta kansa ya tumbo la uzazi, ingawa haiwapati wengi. Damu ikikupita miezi 3, usikae.

Kidonge kingine ni metformini, kile cha wagonjwa wa kisukari. Huufundisha mwili kusikia hodi ya insulini. Mwanzoni huvuruga tumbo. Kimeze pamoja na chakula, anza na kidogo. Kwa sababu mwenye SOPK huweza kupata kisukari mapema kuliko wengine, sukari yake ipimwe tena kila baada ya mwaka 1 hadi 3, hata akijisikia mzima.

Nywele za kidevuni unaweza kuzinyoa kwa wembe safi ulio wako peke yako. Wembe hauzifanyi kuwa nene. Huo ni uongo wa zamani. Vidonge huchukua miezi 6 au zaidi kabla nywele hazijapungua, basi usikate tamaa mwezi wa pili. Vipele vioshe kwa maji na sabuni ya kawaida, usivikamue.

Na moyo pia huumia. Binti aliyechekwa kwa ndevu zake darasani huacha kwenda shuleni, hujifunika uso, hulia usiku. Huzuni nzito huwapata wenye ugonjwa huu kuliko wengine. Mama, muulize. Walimu, kemeeni wanaocheka.

NENO LA TASA

Hofu ya utasa katika nchi yetu ina mizizi ya zamani. Watu wa Kongo walipochunguzwa na kuhesabiwa miaka ya 1955 hadi 1957, ilionekana ya kuwa sehemu nyingi za katikati ya nchi wanawake wengi hawakupata hata mtoto mmoja. Sababu kubwa ilikuwa magonjwa ya zinaa, hasa kisonono, ambacho huziba mirija ya kupitia yai. Nyanya zetu waliona jambo lile, nao wakaturithisha woga wake. Lakini mrija ulioziba na yai lililokwama ni mambo mawili. Katika SOPK mirija i wazi. Wengi huzaa bila dawa yo yote, baada ya kungoja kidogo. Na asiyepata, akiisha kuolewa, mganga humpa vidonge vya letrozoli siku 5 mwanzoni mwa mwezi ili yai likomae na kutoka. Kwa hiyo kumwoza msichana mapema hakuponyi kitu, na kumnyima mchumba ni dhuluma. Na mke asipozaa, mume naye apimwe, kisonono hakichagui.

Hatari nyingine iko upande wa pili. Binti aliyeambiwa ni tasa husadiki, na mwanamume mwerevu humwambia, "Wewe huwezi kupata mimba, unaogopa nini?" Ni uongo. Yai hutoka mara chache, nalo halipigi kengele likitoka. Wasichana wamepata mimba katika mwezi ule ule waliodhani tumbo limelala.

Siku ya kwenda kituoni, chukua daftari au uzi wako wenye mafundo ya miezi 3 angalau, vidonge na makopo yote ya mafuta, na jina la dawa yo yote uliyopewa na mtu ye yote. Nenda na mama, au shangazi unayemwamini. Na kama wamechoka kusikia habari hii, nenda peke yako, muuguzi atakupokea.